Msimu wa Shuka Zisizokauka

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza kweli. Leo hatukuanika hata shuka moja nje. Meneja alisimama mlangoni akiyaangalia mawingu kama mtu aliyetembelewa na mgeni asiyemtaka, kisha akatangaza kwamba kila kitu kiingie chumba cha kukaushia. Nilimsoma kwa shida. Ana masharubu yanayomeza kila neno lenye b na m.

Kwa kuwa daftari hili halinijui: mimi ni kiziwi. Niliugua homa ya uti wa mgongo nikiwa darasa la tatu, nikaamka hospitalini dunia imezimwa. Kuongea naongea, lakini wanasema sauti yangu ni ya mtu aliyejaza pamba mdomoni, kwa hiyo naitumia kwa uangalifu. Lugha ya alama nilijifunza shule ya bweni. Sasa naishi na kaka yangu na wifi, na nafanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia. Tunafua shuka za hospitali na za nyumba za wageni. Mimi ni wa kuanika na kukunja.

Upande wa pasi kuna mtu mpya. Mwanamke mnene, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi na tano, kitambaa cha bluu kichwani.

Jumanne, 5 Machi

Saa ya chakula yule mpya aliinamisha kichwa kabla ya kufungua bakuli lake. Hakujificha, wala hakutafuta watu wa kumwona. Aliinama tu, kama mtu anayefunga kiatu. Fundi wa boila, ambaye hajasomea chochote ila anapenda tumwite Injinia, akavaa taulo kichwani, akapiga magoti juu ya kapu la nguo chafu na kuinua mikono juu. Watu walivunjika mbavu. Na mimi nilicheka. Yeye mwenyewe alicheka, halafu akala.

Hadi jioni alishapewa jina: Mlokole.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Shuka zinanuka kama mbwa aliyelowa.

Jumatatu, 11 Machi

Mlokole aliunguza kitambaa cha meza cha nyumba ya wageni. Nilikuwa karibu, nikaliona doa la kahawia lenye umbo la pasi. Hakuna mwingine aliyeliona. Kwenye kapu kulikuwa na vitambaa vingi vya aina hiyo, na kwetu kitu kikiungua kinakunjwa katikati ya vingine, basi, kimekwisha. Nilimwonyesha kwa mikono: kunja, weka chini. Alinielewa vizuri sana. Akatikisa kichwa, akakibeba kile kitambaa kwa ncha za vidole mpaka ofisini.

Ametoka huko amepewa adhabu ya kuzibua mtaro wa maji machafu wiki nzima. Injinia akampigia makofi. Mimi nilimwona mjinga, niandike tu ukweli.

Alhamisi, 14 Machi

Bado anazibua mtaro. Anatikisa mabega akifanya kazi. Niliuliza ana nini, msichana wa mashine ya kufulia akaniandikia kwenye kiganja: ANAIMBA. Halafu akaongeza: VIBAYA.

Jumapili, 17 Machi

Kanisani na wifi. Mwaka wa ngapi sasa nakaa benchi lile lile naangalia midomo ikifunguka na kufungwa kama ya samaki sokoni? Wifi huniandikia muhtasari tukirudi nyumbani. Leo kaandika: "Mchungaji amesema tupendane." Saa mbili nzima, maneno matatu. Ana moyo mzuri wifi yangu, ila akikutana na watu huongea habari zangu juu ya kichwa changu, kana kwamba mimi ni mzigo aliopakata.

Jumatano, 20 Machi

Nimeshangaa leo. Nilikuwa nakunja peke yangu, nikakumbuka kitu nikacheka. Mlokole akaja, akasimama mbele yangu mahali penye mwanga, akasema polepole ili nimsome: "Mdogo wangu, nifundishe hiyo lugha yenu."

Nikamuuliza kwa sauti yangu ya pamba: "Ya nini?"

"Nataka kujua unacheka nini peke yako."

Nina miaka minne hapa. Wamenipa kazi, wamenipa sabuni ya kupeleka nyumbani, wamenipa jina la Bubu. Hakuna aliyewahi kuuliza nacheka nini.

Ijumaa, 22 Machi

Tumeanza. Vidole vyake ni vinene na vigumu kwa pasi. Nikamuuliza, "Utaanza kunihubiria lini?" Maana najua watu hawa. Akafikiri, akakusanya alama chache anazozijua, akajibu: "Kuhubiri sijui. Kwanza chai."

Hivyo nikamfundisha chai, maji, moto, shuka, choka, mvua.

Jumatano, 27 Machi

Mvua. Leo alitaka kuniambia Mungu anibariki, akaniambia Mungu anifue. Nimecheka mpaka nikakaa chini. Alipoelewa alichosema akacheka kuliko mimi, kisha akarudia kwa makusudi.

Injinia anatuiga kwa mbali. Anapeperusha vidole kama anayefukuza nzi, anakunja uso, watu wanacheka. Midomo yake inasomeka kuliko ya mtu yeyote hapa. Ni bahati yangu mbaya.

Alhamisi, 4 Aprili

Bomba linalopeleka mvuke chumba cha kukaushia linavuja kwenye kiungo, karibu na mlango. Mlokole aliliona kwanza. Alimwita Injinia, akamwonyesha. Injinia akalifunga kwa kipande cha mpira wa tairi na waya, akapangusa mikono kama daktari aliyemaliza upasuaji. Mlokole akaenda kumwambia na Meneja. Meneja akasema mvua ikipungua bomba litabadilishwa, kwa sasa hospitali inadai shuka.

Mvua ipungue, shuka zikauke. Moto uongezwe, shuka zikauke. Hatuna wimbo mwingine.

Ijumaa, 12 Aprili

Siwezi.

Jumamosi, 13 Aprili

Nitaandika yote, nisije baadaye nikaanza kuyapamba.

Jana mchana mvua ilikuwa nzito mpaka dirishani hapakuonekana kitu. Hospitali ilituma watu mara mbili kuulizia shuka. Injinia aliongeza moto kwenye boila. Mimi nilikuwa mwisho kabisa wa chumba cha kukaushia, nyuma ya safu za shuka zinazoning'inia, mgongo mlangoni. Nilihisi mtetemo kwenye nyayo. Nikadhani ni mashine ya kufulia, huwa inaruka ruka ikijazwa kupita kiasi.

Kisha shuka za mbele yangu zikaanza kucheza. Chumba kile hakina upepo. Nikageuka, na mlango haukuwapo tena. Palikuwa na ukuta mweupe unaonijia, na joto lake lilitangulia likanigusa uso. Kiungo cha bomba kilikuwa kimepasuka. Baadaye waliniambia kilipiga kelele iliyosikika mpaka barabarani, na kwamba wote walikimbia wakipiga mayowe kwamba mvuke, mvuke, tokeni. Mimi nilijikuta nimeachwa tu.

Sikukimbia. Sikujua pa kukimbilia. Nilichuchumaa pembeni, nikavuta shuka nikajifunika. Ilikuwa kavu, na joto lilipita kama haipo.

Ndipo nikashikwa. Mtu alinivuta kwa kwapa, akanitupia kitu kizito chenye maji, shuka zilizotoka kwenye mashine, mbili tatu kwa pamoja, akanikumbatia kwa nyuma. Nilijua ni yeye kwa unene wake. Shuka zile zilikuwa zinateleza, na mikono yake ilikuwa nje, juu ya kichwa changu, inazishikilia zisianguke. Hapakuwa na namna nyingine ya kuzishika. Tulipita mlangoni, palepale bomba lilipopasukia. Mimi nilikuwa ndani ya maji ya baridi. Yeye alikuwa ametanda juu yangu kama paa.

Nje waliniondolea zile shuka. Mimi nina lengelenge moja kwenye kifundo cha mguu. Yeye alikuwa amekaa sakafuni, kitambaa cha bluu kimeanguka, upande wa kulia wa uso umeiva, na mikono siwezi kuieleza. Ilikuwa inang'aa. Watu walikuwa wanakimbilia ndoo za maji. Na kabla hawajafika, akanitafuta kwa macho, akaniona, akainua ile mikono, vidole vikakataa kukunjika, akajaribu tena, na akaniuliza kwa alama:

"Wewe, sawa?"

Nilipiga kelele. Sijui ilikuwa kelele ya namna gani. Wifi anasema msichana wa mashine amemwambia kwamba watu waliogopa sauti yangu kuliko ule mvuke.

Jumapili, 14 Aprili

Sikwenda kanisani. Wifi hakunilazimisha. Alirudi na muhtasari: "Tumemwombea." Neno moja. Nikaliangalia muda mrefu.

Jumanne, 16 Aprili

Hospitali. Mikono yake imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko, inaonekana kama mito miwili ya mtoto. Uso umevimba, na pembe ya mdomo imefanya kigaga. Daktari amemkataza kuutanua. Anaongea bila kusogeza midomo. Wengine wanamsikia. Mimi simpati hata neno.

Nilikaa pale nikamtazama mtu pekee kiwandani aliyejifunza lugha yangu, na sasa hana mikono wala mdomo. Wifi alikuwa nami, akawa ananiandikia anachosema. "Anasema usilie." "Anasema chakula cha hospitali hakina chumvi." "Anasema shuka hizi za hapa ni zetu, amezitambua, zimekunjwa vibaya."

Halafu Injinia akaingia. Alisimama miguuni mwa kitanda ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Nilihisi damu inanipanda masikioni, mahali ambapo mimi sina kazi napo. Mlokole akamwambia jambo, refu kidogo. Injinia akainua uso kama aliyepigwa kofi. Nikampokonya wifi karatasi kabla hajamaliza kuandika:

"Anamwambia: Mimi sasa sina mikono, na huyu mdogo wangu hawezi kunisoma mdomo. Wewe una mikono miwili mizima. Kajifunze uje uniazime."

Nilitoka nje. Nilitembea na mvua mpaka nyumbani.

Jumatano, 17 Aprili

Injinia alikuja saa ya chai, akasimama mahali penye mwanga, akanyoosha mikono mbele yangu kama mtoto anayekaguliwa kucha. Nilimpa mgongo.

Alhamisi, 18 Aprili

Amekuja tena. Nimempa mgongo.

Ijumaa, 19 Aprili

Mvua. Amekuja tena. Sasa hakuna anayecheka. Msichana wa mashine ananitazama kama mimi ndiye mkosaji.

Jumamosi, 20 Aprili

Nilikwenda peke yangu hospitali. Nilisubiri nesi amalize kumlisha, kijiko kwa kijiko. Kisha nikamuuliza kwa sauti, na sikujali wagonjwa wengine watageuka:

"Dada, wewe humchukii?"

Akanijibu. Hakujibu kwa kichwa tu, ndiyo au hapana. Alijibu kwa maneno mengi, akasimama katikati, akafikiri, akaendelea. Macho yake hayakuniacha. Lilikuwa jibu la kweli, lile ambalo mtu hampi kila mtu. Na mimi sikupata hata silabi. Midomo ilikuwa imefungwa kama mlango. Nikampa nesi karatasi aniandikie, lakini aliitwa kitanda cha pili, na aliporudi akaandika: "Amesema anamsamehe."

Hapana. Hayo hayakuwa maneno mawili. Maisha yangu yote watu wananipa muhtasari.

Jumatatu, 22 Aprili

Injinia alikuja saa ya chai. Nikamwonyesha benchi. Akakaa.

Nataka jibu langu lote. Hiyo ndiyo sababu, wala nisijifanye mtakatifu.

Alhamisi, 25 Aprili

Ana vidole vyepesi, kuliko Mlokole. Inanikera. Nilimfundisha kwa ukali, akikosea namgonga kiganja. Amekubali kila kitu. Amejifunza mkono, uso, uchungu, mimi, wewe, yeye, asubuhi, jioni. Leo aliniuliza alama ya "samahani" na nikajifanya sikumwelewa.

Jumatatu, 29 Aprili

Anafanya mazoezi mbele ya boila. Nimemwona kupitia dirisha. Boila lenyewe limezimwa, linasubiri mkaguzi. Mtu mzima amesimama mbele ya chuma baridi, anakiambia kwa mikono: mimi naitwa, mimi nafanya kazi, mimi samahani. Kumbe msichana wa mashine kamwonyesha hiyo alama ya samahani. Naye kajifunzia wapi? Kutoka kwa Mlokole, anasema, walizoeana wakizibua mtaro pamoja. Sikujua kwamba kuna mtu alikuwa anamsaidia kuzibua mtaro.

Nimewatazama watu hawa miaka minne, nikidhani kutazama ndiyo kazi ninayoiweza.

Jumamosi, 4 Mei

Leo mimi na Injinia tumekwenda hospitali. Mvua ya manyunyu tu.

Mlokole alipotuona tumeingia pamoja alifumba macho. Injinia akakaa ukingoni mwa kitanda, upande ambao ningemwona yeye na Mlokole kwa mara moja. Nikarudia swali langu lile lile. Nilitaka anijibu mbele yake. Nakiri nilitaka limuume.

"Dada, wewe humchukii?"

Mlokole akamwangalia Injinia, akamwuliza kitu. Baadaye Injinia aliniambia kwamba alimuuliza: utaweza? Injinia akaitikia kwa kichwa. Mlokole akaanza kuongea taratibu, na Injinia akaanza kuniletea, neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto akikanyaga mawe:

"Asubuhi. Bandeji inabadilishwa. Uchungu. Asubuhi mimi namchukia."

Hapo mikono yake ilisimama. Alikuwa ameelewa alichobeba. Mlokole akasubiri. Hakupunguza neno, hakumwambia ruka hapo. Injinia akajionyesha kifuani kwa kidole ili nisikosee, akarudia: "Asubuhi, ananichukia. Mimi."

"Kisha naomba. Siombi vizuri. Nasema: Bwana, namchukia, ona. Yeye anaona. Anakaa. Hanikemei. Mchana inapungua. Jioni nakumbuka mtu huyu ana mama, ana njaa, anaogopa. Jioni simchukii. Nalala. Asubuhi tena, bandeji, namchukia tena. Kila siku. Mdogo wangu, kusamehe si mara moja. Nafua kila siku shuka ile ile."

Sijui kama aliliteua lile neno au ni Injinia aliyelipata kwa sababu ni miongoni mwa alama anazozijua. Nilimtazama mwanamke yule aliyelala, mwenye uso wa rangi mbili. Nilikuwa nimedhani mtu wa Mungu ni mtu ambaye hahisi. Yeye anahisi kila kitu, kila asubuhi, halafu anakwenda nacho mahali. Nikaogopa, kwa namna mtu anavyoogopa akichungulia kisima akaona nyota ndani yake.

Injinia alikuwa bado ameinua mikono, machozi yanamshuka mpaka kidevuni, hawezi kuyafuta kwa kuwa mikono ina kazi. Nikayafuta mimi, kwa kiganja, kwa ukali kidogo, kama unavyomfuta mtoto.

Jumatano, 8 Mei

Mkaguzi amekuja. Meneja alisema bomba ni zee. Injinia akasogea mbele, akasema: "Bomba ni zee, ila niliambiwa linavuja, nikalifunga kwa mpira." Nilimsoma vizuri, hakuzungusha. Meneja akavuta masharubu yake mpaka nikadhani yatang'oka, kisha naye akakubali kwamba aliambiwa.

Boila atapewa mtu aliyesomea. Injinia amehamishiwa kupakia mizigo kwenye gari. Jina lake limebaki.

Jumapili, 12 Mei

Nimempa Injinia jina la alama. Kwetu viziwi jina hupewi mpaka uwe wetu. Nimemwita kwa kupitisha kiganja chini ya kidevu, kule machozi yalikoishia. Ameuliza maana yake, nikamwambia: mtu aliyelowa. Akaridhika.

Jumanne, 14 Mei

Jua, kwa saa moja. Tulikimbia na makapu nje kama wendawazimu. Mvua ikarudi.

Jumatano, 22 Mei

Mlokole ametoka hospitali. Ngozi ya mikono imekuwa ya waridi, inavuta, na vidole viwili vya kulia havitanyooka tena. Pasi ameambiwa asahau. Aliniambia mwenyewe, kwa mdomo na kwa alama, akipiga lafudhi mpya kwa sababu ya vile vidole. Kisha akasema: "Sasa nina kigugumizi cha mikono." Alitaka nicheke. Nilijitahidi.

Baadaye, alipodhani simtazami, aliinua mkono wa kulia kwenye mwanga, akaugeuza huku na huku, muda mrefu. Nikaona mabega yanatikisika. Sikujua kama anaimba au analia. Sikuuliza.

Jumapili, 26 Mei

Anga ni safi. Asubuhi kaka alitoa magodoro nje bila kuangalia juu.

Mlokole ameombwa kutoa ushuhuda kanisani kwetu. Wifi ndiye aliyepanga, na alipanga na jambo jingine: alinikalisha benchi la mbele, akaacha nafasi mbele yangu kwa ajili ya mtu wa kutafsiri. Aliniandikia: "Leo mimi sitakupa muhtasari." Nilimshika mkono, sikuuachia mapema.

Injinia alikuja na koti la kuazima, mikono mifupi. Hajakanyaga kanisa tangu alipozikwa baba yake, alinieleza. Alisimama pembeni ya Mlokole, akanielekea mimi, na watu wote wakamkazia macho, maana wapo wanaomjua.

Mlokole akaanza. Sasa midomo yake inasomeka, nami nilikuwa na vyote viwili, mdomo wake na mikono ya Injinia, kwa mara ya kwanza maishani mwangu neno likinijia kwa njia mbili. Hakusema kama wanavyosema wengi, kwa kutupa mikono na kukunja uso. Alisema kama anayeeleza njia ya kwenda kwake. Kwamba mvua ilikuwa kubwa. Kwamba bomba lilipasuka. "Watu wote walikimbia," akasema, "na ni haki yao, mvuke si mchezo. Ndipo nikakumbuka mdogo wangu hasikii." Hakutaja jina la mtu. Hakutaja mpira wala waya. Akapita, akaanza kuwasimulia manesi, na chakula kisicho na chumvi, na watu wakaanza kutabasamu.

Injinia hakupita naye.

Mikono yake ilibaki palepale. Alileta, "Watu wote walikimbia," kisha akajigusa kifua. Akanitazama mimi tu. Nikadhani amepotea, nikamwangalia Mlokole, midomo yake ilikuwa mbali tayari, kwa manesi. Nikarudi kwa Injinia. Akaeleza, polepole, kwa alama zilizonyooka kuliko zote alizowahi kunipa:

"Mimi nilikuona ukiingia. Mimi peke yangu nilijua uko ndani. Bomba likapasuka. Nilisimama mlangoni. Nilikuwa karibu kuliko yeye. Nilijua husikii. Nilikimbia. Nje, yeye akauliza: mdogo wangu yuko wapi? Nikanyamaza. Akauliza tena. Nikaonyesha mlango kwa kidole. Yeye akaingia."

Kanisa zima lilikuwa linamwona. Watu mia na zaidi, mbele ya madhabahu, mchana kweupe, na hakuna aliyesikia isipokuwa mimi. Mkaguzi hajui hayo. Meneja hajui. Mlokole anajua, bila shaka alijua tangu siku ile, aliuliza mara mbili akaonyeshwa mlango kwa kidole, na katika maneno yote aliyonipa kupitia mikono ya mtu huyu hakuwahi kulitia hilo. Alimwachia mwenyewe.

Nilitaka kusimama nitoke. Mwili ulikuwa umeshaanza kusimama. Nikaona mikono ile imebaki hewani, mitupu, haina neno jingine la kusema na haithubutu kushuka. Kando yake mikono ya waridi ya Mlokole, vidole viwili vimepinda. Alikuwa ameacha kuongea. Alikuwa ananitazama na yeye. Hakunisihi. Alingoja tu, kama siku zote.

Nikajua kwamba kesho asubuhi nitamchukia. Nikajua pia niende na hiyo chuki wapi.

Nilikuwa nimesimama tayari, kwa hiyo nikainua mikono yangu mbele ya watu wote, jambo ambalo sijawahi kulifanya ndani ya nyumba hii, nikamwambia:

"Nimekuona. Endelea."

Akapangusa uso kwa mkono wa koti, akamgeukia Mlokole, akaitikia kwa kichwa kuonyesha yuko tayari, na wakaendelea.